Bahati Nasibu ya Viza ya Marekani: Mwongozo Kamili kwa Anayeomba Akiwa Ughaibuni

Imeenea dhana miongoni mwa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi Muscat, Dubai, Doha au Riyadh kwamba anayetaka kucheza bahati nasibu ya kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu wa Marekani, lazima kwanza arudi kwao. Si kweli. Fomu hujazwa kwenye mtandao kutoka pembe yoyote ya dunia, na mfumo haujali kama umeketi Tandika, Dar es Salaam, au Ruwi, Muscat. Matatizo ya anayeishi nje ni mengine kabisa: huchanganya nchi anayoishi na nchi anayostahiki kuombea, humwachia mtu mwingine namba yake ya uthibitisho, na vyeti vyake vimetawanyika katika nchi mbili au tatu. Nimekuwa nikiwasaidia majirani kujaza fomu hizi kwa miaka kadhaa, na wengi niliowaona wakichaguliwa kisha wakakosa viza walikosea katika moja ya mambo hayo matatu, tena walikosea miezi mingi kabla ya kuitwa kwenye mahojiano.

Programu yenyewe ilianzishwa na Sheria ya Uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990, na viza zake za kwanza zilitolewa katika mwaka wa fedha wa 1995. Sheria inaruhusu viza 55,000 kwa mwaka, ingawa sehemu yake hukatwa kwa ajili ya makundi mengine, na hakuna nchi moja inayoweza kupata zaidi ya asilimia 7 ya viza zinazopatikana. Katika mzunguko wa DV-2025 (DV ni kifupi cha jina la programu kwa Kiingereza, Diversity Visa) yalipokelewa maombi halali karibu milioni 20, na waliochaguliwa pamoja na wenza na watoto wao walizidi 131,000. Msomaji akiziweka namba hizo pamoja ataona jambo ambalo wauzaji wa fomu hawalisemi: wanaochaguliwa ni zaidi ya mara mbili ya viza zilizopo, hivyo kuchaguliwa ni kupewa nafasi ya kuomba tu.

Kabla ya yote: angalia kama mlango uko wazi

Zamani ningeanza moja kwa moja na picha. Sasa haifai. Desemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuisitisha programu hii, na mwezi huohuo likatolewa tangazo la Rais lililoweka vikwazo vya kuingia kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika kuanzia Januari 1, 2026. Tanzania imo katika kundi la vikwazo vya sehemu, ambavyo vinagusa pia viza za uhamiaji, na Burundi ilikuwa imeshawekewa vikwazo vya aina hiyo tangu Juni 2025. Hatua za namna hii hubadilika kwa tangazo jingine au kwa amri ya mahakama. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata senti moja kwa mpiga picha, fungua travel.state.gov, tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, usome hali ilivyo siku hiyo.

Hapa kuna tofauti ambayo anayeishi nje anapaswa kuielewa vizuri. Bahati nasibu hutazama mahali ulipozaliwa, ilhali vikwazo vya kuingia hutazama uraia wako. Mzaliwa wa Unguja ambaye amepata uraia wa Oman na anasafiri kwa pasipoti ya Oman hayuko katika hali moja na ndugu yake mwenye pasipoti ya Tanzania, ingawa wote wawili wanaomba kama wazaliwa wa Tanzania. Kinyume chake pia ni kweli: raia wa Burundi aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, anaomba kwa nchi ya Tanzania lakini bado anabanwa na vikwazo vya Burundi.

Utaratibu unaofuata ni ule unaotumika programu inapokuwa wazi. Mwenye busara hutumia kipindi cha mlango kufungwa kukusanya vyeti, kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayochukua muda mrefu kuliko zote.

Nchi ya kustahiki ni nchi ya kuzaliwa

Fomu ina maswali matatu yanayofanana ambayo huwachanganya watu: nchi uliyozaliwa, nchi unayostahiki kuombea, na nchi unayoishi leo. Aliyezaliwa Mwanza na anayeishi Abu Dhabi ataandika Tanzania katika mbili za kwanza na Falme za Kiarabu katika ya tatu. Pasipoti haibadilishi chochote hapo. Mtoto wa wazazi wa Kihindi aliyezaliwa Dar es Salaam ni mzaliwa wa Tanzania, naye anaruhusiwa kuomba, wakati binamu yake aliyezaliwa Mumbai haruhusiwi, kwa kuwa India imo katika orodha ya nchi zilizokwisha kupeleka wahamiaji zaidi ya 50,000 Marekani katika miaka mitano iliyotangulia. Pakistan, Bangladesh, Ufilipino na Nigeria nazo zimekuwa zikizuiwa kwa sababu hiyohiyo. Orodha hutolewa upya kila mwaka pamoja na maelekezo ya mzunguko husika, na ni hiyo pekee ya kutegemewa.

Aliyezaliwa katika nchi iliyozuiwa ana njia mbili. Ya kwanza ni kuombea nchi aliyozaliwa mwenza wake, kwa sharti kwamba wote wawili watajwe katika ombi, wapewe viza na waingie Marekani pamoja. Ya pili ni kuombea nchi aliyozaliwa mmoja wa wazazi, iwapo wakati wa kuzaliwa kwake hakuna mzazi kati yao aliyekuwa mzaliwa au mkazi wa nchi alimozaliwa mwombaji. Njia hii ya pili huwafaa wachache, kwa mfano mtu ambaye mama yake alijifungua akiwa safarini au matibabuni. Aliyezaliwa Karachi na wazazi waliokuwa wakiishi huko kwa ukaazi halali hawezi kuitumia. Nimeona watu wakiandika nchi ya baba kwa kudhani kwamba uzawa hufuata ukoo. Kwa mila zetu ni kweli, lakini kwa fomu hii ni kosa linaloliua ombi zima.

Elimu au kazi

Sharti la pili ni la elimu. Mwombaji mkuu, yaani mwenye jina la ombi, awe amemaliza miaka 12 ya masomo ya msingi na sekondari au kiwango kinacholingana nayo, au awe amefanya kazi kwa miaka miwili, ndani ya miaka mitano iliyopita, katika fani inayohitaji angalau miaka miwili ya mafunzo au uzoefu. Mkenya aliyepitia mfumo wa miaka 8 ya msingi na 4 ya sekondari anatimiza 12 moja kwa moja. Mtanzania aliyeishia kidato cha nne amesoma miaka 7 na 4, yaani 11, na asijione yuko salama kwa sababu tu mtu fulani aliyemjua alipita. Ofisa wa ubalozi ndiye mwenye kauli ya mwisho. Aliyefika kidato cha sita, au aliyeongeza stashahada ya chuo juu ya kidato cha nne, anasimama pazuri zaidi.

Njia ya kazi ni nyembamba kuliko watu wanavyofikiri. Wamarekani hupima fani kwa orodha yao ya kazi iitwayo O*NET, na inayokubalika ni ile iliyo katika daraja la 4 au la 5, yenye kiwango cha maandalizi cha 7 au zaidi. Udereva, ulinzi, kazi za ndani na uuzaji dukani havifiki huko, hata mtu awe amevifanya miaka 15 kwa kafili (mwajiri mdhamini) mmoja. Ni heri kulijua hili kabla ya kulipa ada kuliko kulijua mbele ya dirisha la ofisa. Kama wewe hufiki lakini mke au mume wako anafika, basi yeye ndiye awe mwombaji mkuu. Na kama wote mnafika, kila mmoja ajaze fomu yake akimtaja mwenzake, kwani jambo hilo linaruhusiwa na huongeza nafasi ya nyumba nzima mara mbili.

Picha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu picha huangusha watu wengi kimyakimya. Picha iwe ya mraba, kuanzia pikseli 600 kwa 600 hadi 1,200 kwa 1,200, faili la JPEG lisilozidi kilobaiti 240, la rangi, lenye mandharinyuma meupe au yanayokaribia weupe. Kichwa, kuanzia utosini hadi kidevuni, kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya kimo cha picha. Miwani haitakiwi, hata ya macho. Picha iwe imepigwa ndani ya miezi sita iliyopita, na aliyetumia picha ya ombi la mwaka jana anaweza kuenguliwa kwa hilo pekee.

Studio nyingi za Ghuba zimezoea picha za vitambulisho vya ukaazi zenye mandharinyuma ya buluu, na mpiga picha akishasikia neno viza hukupa saizi ya Schengen, ambayo si mraba. Mpe vipimo kwa maandishi na udai faili lenyewe, si karatasi uliyochapiwa. Usikubali akung'arishe ngozi wala akuondolee kovu. Picha iliyofanyiwa marekebisho hukataliwa. Simu nzuri nayo inatosha. Simama hatua moja mbele ya ukuta mweupe ili kivuli kisianguke nyuma yako, uelekee dirisha, mwingine akupige akiwa umbali wa mita moja na nusu hivi, kisha ukate mraba bila kuinyoosha sura.

Mwanamke anayevaa hijabu kwa ajili ya dini haivui, lakini uso uonekane wote, kutoka juu ya paji hadi chini ya kidevu na kando zote mbili. Mwaka mmoja nilimpiga picha jirani yangu mara saba kwenye varanda yake, maana kila alipotengeneza mtandio ulirudi kufunika ukingo wa shavu la kushoto, na tulifanikiwa tulipoubana kwa pini mbili nyuma ya masikio. Watoto wote nao wawe na picha, kila mmoja yake, hata kichanga. Mlaze kwenye shuka jeupe lisilo na mikunjo na umpige kutoka juu.

Kujaza fomu

Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa Oktoba na kufungwa mwanzoni mwa Novemba, na kwa DV-2026, kwa mfano, lilifunguliwa Oktoba 2 hadi Novemba 7, 2024. Mwisho huwa saa sita mchana ya Washington, ambayo mwezi Novemba ni saa mbili usiku kwa Nairobi, Dar es Salaam na Riyadh, na saa tatu usiku kwa Muscat na Dubai. Usingoje usiku huo. Tovuti hulemewa katika siku za mwisho, na hakuna faida ya kuwa wa mwisho kama ambavyo hakuna faida ya kuwa wa kwanza.

Tovuti ni moja tu: dvprogram.state.gov. Nyingine zote zinazofanana nayo, hata zenye bendera na tai, ni za wafanyabiashara au matapeli. Kwa miaka mingi kuomba kulikuwa bure, kisha Septemba 2025 ikatangazwa ada ya dola 1 kwa kila ombi, inayolipwa ndani ya tovuti hiyohiyo. Sharti la kuwa na pasipoti wakati wa kujaza limekuwa likija na kuondoka: liliwekwa mwaka 2019, mahakama ikalifuta mwaka 2022, na mwaka 2025 likapendekezwa upya. Kwa hiyo hakikisha pasipoti yako ni hai na inafikika. Kama inashikwa na mwajiri, jambo ambalo sheria za nchi kadhaa za Ghuba zinalikataza ingawa linaendelea, uwe na nakala safi ya ukurasa wenye picha.

Ukishaanza una dakika 60, na fomu haihifadhi ulichokijaza nusu. Andika majibu yote kwenye karatasi kwanza, kisha uyahamishe.

Majina yetu matatu, lako, la baba na la babu, hayakai sawasawa katika visanduku vya Kimarekani. Fuata pasipoti: kilichoandikwa kama jina la ukoo kiingie sehemu ya jina la ukoo, na kilichobaki kigawanywe kama kilivyo. Usifuate kitambulisho cha ukaazi cha Ghuba, ambacho mara nyingi huunganisha majina manne kwa mpangilio wao na kuyaandika kwa tahajia iliyopitia Kiarabu, ambapo Juma hugeuka Jumah na Mwanaidi akawa kitu asichokitambua hata mama yake. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni mtego, kwa kuwa Wamarekani huanza na mwezi. Aliyezaliwa Machi 7 akiandika kwa mazoea yetu atakuwa amezaliwa Julai 3, na kosa hilo halirekebishiki baada ya kutuma.

Sehemu ya familia ndiyo inayohitaji ukweli usiopunguzwa. Lazima umtaje mwenza wako hata kama mmetengana bila talaka wala amri ya mahakama ya kutengana, na watoto wako wote walio hai, ambao hawajaoa wala kuolewa na wana umri chini ya miaka 21, wakiwemo wa kufikia, walioasiliwa, waliozaliwa nje ya ndoa na wale wasioishi nawe. Huhitaji kuwa na nia ya kusafiri nao. Baba anayeishi Doha aliyeacha mtoto Moshi kwa mama mwingine, akamficha ili mke asijue, atakuja kumtaja kwenye fomu ya pili, ile ya waliochaguliwa, au atagundulika katika mahojiano, na hapo kesi nzima, pamoja na mke na watoto waliotajwa, itakufa. Mwenza au mtoto ambaye tayari ni raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani si lazima kumtaja, ingawa ukimtaja hakuna adhabu.

Kwa wenye wake zaidi ya mmoja, sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ya mitala. Ndoa inayotambuliwa ni ile ya kwanza iliyo halali, na mtu anayeingia kwa nia ya kuishi na wake wawili huko anaweza kukataliwa kwa hilo peke yake. Wengine hushauriwa kutoa talaka ya makaratasi. Mimi simshauri mtu kusema uongo mbele ya ofisa aliyemwapisha, na anayejikuta katika hali hii alipe wakili wa uhamiaji mara moja, mapema, badala ya kulipa mawakala mara kumi.

Ombi ni moja kwa kila mtu. Ukituma mawili, hata kwa bahati mbaya, hata kama la pili limejazwa na shemeji yako aliyetaka kukusaidia, yote mawili huenguliwa.

Namba ya uthibitisho na barua pepe

Ukimaliza kutuma, ukurasa hutoa namba ya uthibitisho. Ipige picha, ichapishe, uitume kwa ndugu mmoja unayemwamini. Na barua pepe uliyoiandika kwenye fomu iwe yako, unayoifungua mwenyewe.

Ninasisitiza kwa sababu ya jambo nililoliona. Fundi mmoja wa viyoyozi alijaziwa fomu kwenye duka la steshenari alipokuwa likizo nyumbani, kwa barua pepe ya mwenye duka, akaondoka na risiti isiyo na namba. Mwezi wa Mei alipigiwa simu kwamba amechaguliwa, na kwamba namba yake ingetolewa kwa dola 2,000. Tovuti rasmi ina sehemu ya kurejesha namba iliyopotea, lakini huomba barua pepe iliyotumika, na yeye hakuwa akiijua. Kumlipa mtu akusaidie kuandika si kosa. Kosa ni kuondoka dukani ukiwa humiliki ombi lako.

Matokeo huanza kuonekana mwanzoni mwa Mei mwaka unaofuata na hubaki hewani hadi Septemba 30 ya mwaka baada ya huo. Huyaona kwa kuingiza namba ya uthibitisho, jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa katika sehemu ya kuangalia hali ya ombi, basi. Serikali ya Marekani haitumi barua wala ujumbe wa WhatsApp wa kukupongeza, na haiombi fedha kwa benki, kwa M-Pesa wala kwa wakala wa kutuma pesa.

Ukichaguliwa

Ukurasa wa aliyechaguliwa huonyesha namba ya kesi inayoanza na mwaka na herufi za kanda, mfano 2026AF kwa Afrika, ikifuatwa na tarakimu zinazoonyesha zamu yako. Zamu ndogo huitwa mapema. Kila mwezi hutolewa taarifa ya viza yenye namba ya ukomo kwa kila kanda, na kesi yako haiwezi kupangiwa mahojiano mpaka ukomo uipite. Viza hutolewa kuanzia Oktoba 1 hadi Septemba 30, na usiku wa siku hiyo ya mwisho haki yako hufutika kabisa. Haihamishwi mwaka unaofuata, na mwenza au mtoto anayekufuata baadaye naye anabanwa na tarehe ileile.

Jaza fomu ya DS-260 mtandaoni haraka iwezekanavyo, kwani Kituo cha Kibalozi cha Kentucky, kinachoratibu kesi hizi, hakikupangii mahojiano kabla ya kuipokea. Humo utaulizwa anwani ulizoishi na kazi ulizofanya. Sema kweli na ulinganishe na fomu ya kwanza. Ukiwa umeoa au kupata mtoto baada ya kutuma ombi la kwanza, unaweza kuwaongeza hapa, lakini ndoa iliyofungwa wiki chache baada ya matokeo ya Mei huchunguzwa sana, kwa sababu kuna watu huuza nafasi ya mwenza.

Kuhusu mahali pa mahojiano, tangu Novemba 2025 utaratibu ni kwamba mwombaji wa viza ya uhamiaji huhojiwa katika nchi anayoishi au nchi ya uraia wake. Mtanzania aliyeko Abu Dhabi anaweza basi kuchagua kati ya huko na Dar es Salaam. Pima mambo mawili: gharama ya tiketi za familia, na mahali familia ilipo. Kama mke na watoto wako nyumbani, ni nafuu wewe urudi kwa wiki mbili kuliko kuwaleta wote Ghuba. Ambaye ikama (kibali cha ukaazi) yake imekwisha muda, au ambaye hana uhakika wa kuongezewa mkataba, asichague nchi ambayo huenda asiwe nayo siku ya miadi.

Kukusanya vyeti kutoka nchi tatu

Kwa kila msafiri utahitaji pasipoti, cheti cha kuzaliwa, na kwa waliofunga ndoa cheti cha ndoa, pamoja na cha talaka au kifo kwa kila ndoa iliyotangulia. Cheti cha kuzaliwa kwa Tanzania Bara hutolewa na RITA, wakala wa usajili wa serikali, na kwa Zanzibar na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii wa huko. Tangazo la kuzaliwa la hospitali halitoshi, wala karatasi ya sheikh au ya kanisa haitoshi mahali pa cheti cha ndoa kilichosajiliwa na serikali. Waliozaliwa vijijini miaka ya nyuma na kusajiliwa ukubwani wawe na ushahidi wa ziada, kama cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au kumbukumbu za shule ya msingi.

Kila aliyefikisha miaka 16 huhitaji cheti cha polisi kutoka nchi ya uraia wake kama ameishi huko zaidi ya miezi sita, kutoka nchi anayoishi sasa kama amekaa humo zaidi ya miezi sita, na kutoka kila nchi nyingine aliyokaa kwa mwaka mmoja au zaidi akiwa na miaka 16 au zaidi. Kwa mtu aliyekulia Mombasa, akafanya kazi Jeddah miaka 3, kisha Muscat miaka 5, hivyo ni vyeti vitatu. Ushauri wangu ni kwamba usiondoke nchi yoyote ya Ghuba bila cheti chake mkononi. Ukiwa na kitambulisho cha ukaazi kilicho hai, ni kazi ya siku chache. Ukishaondoka, inakuwa safari ya alama za vidole kituo cha polisi, muhuri wa wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi, na wakati huo kalenda inakwenda. Kwa Kenya, cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ambapo anayeishi nje hupeleka alama za vidole alizochukuliwa aliko.

Karatasi za Kiarabu zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayethibitisha kwa maandishi kwamba anazimudu lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili. Vyeti vya shule viwe vya asili. Aliyepoteza cha kidato cha nne aanze kufuatilia Baraza la Mitihani siku anayosoma matokeo ya Mei, asisubiri barua ya miadi.

Uchunguzi wa afya hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi wa nchi utakayohojiwa, na wa nchi nyingine hakubaliki. Hutazama kifua kikuu na chanjo hasa, hivyo peleka kadi za chanjo za watoto, zikiwemo zile za kliniki za nyumbani. Kwa kawaida matokeo yake hudumu miezi 6, na muda wa viza yako hautauzidi muda huo.

Mwenye mtoto anayekaribia miaka 21 asikate tamaa mapema. Sheria ya kulinda hadhi ya watoto huruhusu kutoa katika umri wake siku zilizopita tangu dirisha la maombi lilipofunguliwa hadi siku matokeo yalipotolewa, ambazo ni kama miezi 7. Piga hesabu kwa tarehe kamili.

Mahojiano na baada yake

Ada ni dola 330 kwa kila mtu, zinalipwa kwenye dirisha la fedha la ubalozi siku ya mahojiano, na hazirudishwi hata ukinyimwa. Familia ya watu 5 iwe na dola 1,650 kwa ajili hiyo peke yake, mbali na daktari na nauli. Ofisa huuliza mambo ya kawaida: ulizaliwa wapi, ulisoma nini, mlioana lini, utafikia kwa nani. Anaweza kutaka kuona kwamba hutakuwa mzigo kwa serikali, kwa hiyo uwe na taarifa za benki, barua ya kazi au hati ya mwenyeji atakayekusaidia. Jibu ulichoulizwa, kwa lugha unayoimudu. Kiingereza cha kubabaisha kimewahi kumfanya mtu aonekane anadanganya, ilhali mkalimani huweza kuombwa.

Usiache kazi wala kufuta ukaazi wako kabla viza haijabandikwa kwenye pasipoti. Ikishabandikwa, mpe mwajiri notisi kwa mujibu wa mkataba ili usipoteze kiinua mgongo, na ulipe mtandaoni ada ya uhamiaji ya dola 235 kwa kila mtu, ambayo bila hiyo kadi haitatumwa. Ukipewa bahasha iliyofungwa, usiifungue. Ni ya ofisa wa uwanja wa ndege. Mwombaji mkuu aingie kwanza au pamoja na familia, kabla viza haijaisha muda. Mwanamume wa miaka 18 hadi 25 ajiandikishe katika Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, ndani ya siku 30 baada ya kuingia.

Wako wanaotaka kuingia, kuchukua kadi, kisha kurudi Ghuba kumalizia mkataba wenye mshahara mzuri. Safari fupi haina shida, lakini kadi ni ya anayeishi Marekani, na ukikaa nje mwaka mmoja au zaidi bila kibali cha kurejea unaweza kuhesabiwa kuwa umeuacha ukaazi. Kibali hicho huombwa kwa fomu I-131, na lazima uwe ndani ya Marekani siku unapoituma, hivyo tiketi ya kurudi Muscat ikatwe baada ya hapo.